Kelele Nilizojifunika

Kwako Kadzo, mwanangu,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hivyo hapa sianzi nazo. Sasa hivi uko kwa jirani yetu Mama Mbeyu, unasukwa nywele za safari. Nasikia kicheko chako kikivuka ua wa makuti. Kichwa chako hakijawahi kumalizwa upesi, basi nina muda. Ukirudi, barua hii itakuwa imeshaingia kwenye begi, chini ya kompyuta, mahali ambapo hutaiona mpaka ufike huko bara.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia uchemshe maji, wala ufunge mlango kwa ufunguo, wala usimwamini kila anayekuita dada. Hawe, bibi yako, ameshayasema, na kesho atayasema tena, na yatakayobaki atayasemea dirishani mwa basi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la feni.

Cheka kwanza. Nangoja.

Jana jioni Hawe alituambia mambo yatakavyokwenda kesho. Kwetu mtu hatoki na begi la safari hivi hivi. Mzazi hushika kata ya maji mlangoni, akanena maneno ya njia, akamwaga maji kidogo chini, ndipo anayeondoka avuke kizingiti. Hawe akasema, "Kesho anayenena si mimi. Ni mamake." Akaninyooshea kidole. Nawe, hata kabla sijameza mate, ukadakia: "Aa, Hawe, nena wewe tu. Mama hawezi." Ulisema kwa mapenzi, najua. Ulikuwa unaniokoa, kama unavyoniokoa siku zote. Lakini usiku kucha nililigeuza neno hilo, hawezi, na asubuhi niliamka nimeamua. Nitanena. Ndiyo maana naandika. Si ili nisiseme, bali ili ujue mtu atakayesimama pale na kata ametokea wapi.

Huko unakokwenda watakuuliza huyo unayemwita mama ana miaka mingapi. Ukisema kumi na tisa, na wewe una kumi na saba, watadhani unawachezea. Waeleze kwamba kwetu mdogo wake mama ni mama, hata akiwa bado anaruka kamba. Mimi nilikuwa bado naruka kamba. Siku ya matanga ya dada yangu, mamako mzazi, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeshika sufuria ya uji natafuta pa kuitua. Shangazi mmoja mzee akakushika mkono, akawatazama wanawake wote waliokaa mkekani, akawapita, akakuleta hadi kwangu. "Nyamaza," akakuambia. "Mamako huyu hapa." Niligeuka nyuma nimwone huyo anayesemwa. Nawe ukanipima toka kichwani hadi miguuni, ukasema watu wote wakisikia, "Huyu? Mbona mdogo sana?" Wanawake wakacheka, matangani, na Hawe akacheka na machozi yanamtoka, maana aliyezikwa ni mwanawe na waliosimama pale ni mwanawe na mjukuu wake.

Ukaniita Mama Mdogo Sana, kisha ukafupisha, ikabaki Mama. Sijui kama uliwahi kujua nilivyolibeba neno hilo. Nililala nalo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, naogopa nisimlalie.

Lakini tuseme kweli, nani alimlea nani? Nilikushika mkono kukupeleka dukani, na tukifika dukani msemaji ni wewe. "Mama anataka unga na sabuni ya kipande." Mwenye duka akiinama juu ya kaunta anitazame, "Mama haongei?" Nawe, "Huongea nyumbani." Hospitalini uliposhikwa na malaria, wewe mwenye homa ndiye uliyemweleza daktari kichwa kinauma tangu lini. Mimi nilisimama nimeshika kadi yako, maneno yote yamepangwa kichwani kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hakuna hata moja lililotoka.

Hawe husema nilizaliwa hivi. Sivyo. Nilijifunza. Nyumbani tulisema Kigiriama, sokoni Kiswahili, na shuleni Kiingereza, isipokuwa katika kipindi cha Kiswahili. Unakikumbuka kile kipande cha mti walichokiita monto, kilichotiwa kamba, akavishwa shingoni yeyote aliyeteleza akasema lugha ya kwao? Wewe ulikivaa kila mara kama mkufu, hata ukakichora maua kwa kalamu. Mimi sikukivaa hata siku moja, na si kwamba Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Niligundua kuwa asiyesema hakamatwi. Mwalimu akaandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni mtoto mtulivu, mwenye adabu. Hawe akaionyesha ripoti hiyo kwa majirani. Basi, mtu akisifiwa kwa kitu, hukishika.

Sasa feni.

Mjomba wako Katana alipotuletea kompyuta kutoka huko Kikambala anakolinda hoteli, ilikuwa ya mtumba lakini nyumba nzima iliiamkia kama mgeni wa heshima. Mimi nilikuwa nimeanza masomo ya ualimu wa chekechea, yale ya Jumamosi kwa mtandao, na bila hiyo nisingesoma. Unamjua Hawe na vitambaa vyake. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni, hata mtungi wa gesi una sketi. Kwake yeye kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa, tena nyumba ya makuti humwaga vumbi mchana na usiku. Akakaa mlangoni na sindano yake ya kufumia, akaifumia kompyuta vitambaa viwili vya sufu ya kijani na rangi ya chungwa. Kimoja cha kuifunika ikipumzika. Cha pili kinene, cha kuilaza ikifanya kazi, "isiumie mgongo."

Wewe utakwenda kufundishwa habari za mitambo ya kupoza, utanishinda, lakini hili nalijua: kompyuta ile huvuta pumzi kwa tumboni na kuitoa ubavuni. Tukailaza kifudifudi juu ya sufu.

Mwanzoni ililia kama mbu. Kisha ikalia kama mtu anayepiga pasi ya mvuke. Ikafika mahali nikiiwasha kuku wanatoka jikoni wakikimbia, na Hawe anaongeza sauti ya redio bila kusema kitu, kama mtu mwenye mgeni anayekoroma. Darasani, yaani kwenye lile darasa la mtandaoni, nikifungua maiki tu wanafunzi wenzangu wanaandika, "Kaskazi imeingia," kama ule upepo wa msimu utokao baharini. Jina likashika. Hata mhadhiri wetu siku moja alijisahau akaniita Bi Kaskazi.

Wewe uliniuliza mara nyingi, "Mama, hii ina nini?" Nikasema ni uzee. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshaigeuza nikaona yale matundu ya chini yameota manyoya ya kijani kama mdomo wa mbuzi aliyetoka kula. Nilikuwa nimesoma, kwa Kiingereza safi, kwamba usiiweke juu ya nguo. Nilijua ugonjwa na nilijua dawa. Nikaigeuza tena nikailaza pale pale.

Ukiniuliza kwa nini, jibu langu la kwanza ni kwamba nilimwonea haya Hawe. Ningemwambiaje kwamba kazi ya mikono yake ndiyo inayoua kitu chetu cha thamani? Jibu hilo ni la kweli na ni zuri, na mtu yeyote angelikubali. Chini yake liko lingine. Kelele zile zilinifaa, Kadzo. Mhadhiri akiniita nijibu, nafungua maiki, upepo unavuma, naandika pembeni, "Samahani mwalimu, feni." Naye kwa huruma anasema, basi andika jibu lako. Nikaandika. Nilifaulu muhula mzima bila kutoa sauti, katika masomo ya kuwa mwalimu wa watoto ambao hata kusoma hawajui. Nilijifunika kelele zile kama mtu anavyojifunika shuka asubuhi ya mvua. Nikadhani hazimdhuru mtu.

Kisha ikaja siku yako ya mahojiano.

Unaikumbuka kuliko mimi, lakini hukuwa umekaa nilipokaa. Chuo kilitaka kusikia kila anayeomba nafasi ya ufundi wa majokofu na mitambo ya kupoza hewa, na kwa sababu ya umbali wakasema wenye mtandao wahojiwe huko huko waliko. Ulivaa blauzi yako ya shule, umeipiga pasi mpaka kola inakata. Mimi nilikaa kitandani nyuma yako, nje ya picha. Hawe alifunga kuku. Aliifuta kompyuta, akakikung'uta kitambaa kinene, akakitandika vizuri, akailaza. Nilimwona akikitandika. Ningeweza kusema wakati ule. Palikuwa na nafasi ya kusema. Nikatazama kucha zangu.

Wakakuuliza kwa nini msichana wa pwani anataka ufundi huu. Ulikuwa na jibu zuri, nililisikia ukilifanyia mazoezi bafuni, lile la samaki wa Watamu wanaooza kwa kukosa barafu na hoteli zinazongoja fundi atoke Mombasa. Ukaanza. Wakasema, "Tunasikia upepo. Uko nje?" Ukasema uko ndani. "Tafadhali ingia ndani." Ukapaza sauti. Wewe ambaye sauti yako hufika barabarani ukiita tuktuk, ulipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na feni nayo kila ulivyozidi ndivyo ilivyozidi, maana mashine ilikuwa inawaka moto. Bwana mmoja kati yao akasema asante, Kadzo, tutawasiliana. Picha ikakatika.

Ulishusha kifuniko polepole. Ukachukua kitambaa cha juu ukaifunika, ukakinyoosha pembe, kama Hawe. Ukasema, "Si neno, Mama. Labda si riziki yangu."

Ungenitukana ningelala. Hilo la riziki ndilo lililonitoa kitandani. Haikuwa riziki, Kadzo. Ilikuwa sufu. Mtu wa miaka kumi na saba alikuwa anataka kumtwika Mungu jambo ambalo mama yake alilificha chini ya kompyuta.

Hukuniona nilipokwenda nyuma ya choo na simu. Nikapiga chuoni; waliposema halo, nikakata. Nikapiga tena. Akapokea mwanamke, nikasema shikamoo, naye kwa kuwa ni mtu wa bara akasema, "Poa, sema." Nikapotea kabisa. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yanangoja marahaba. Nikashika ukuta nikasema nimepiga kwa ajili ya Kadzo, yule wa upepo. Akanikumbuka, nadhani ofisi nzima ilikukumbuka. Akauliza mimi ni nani.

"Mimi ni mamake."

"Mbona sauti ya mtoto?"

"Ni mdogo," nikamwambia. "Lakini ni mamake. Kosa la kelele ni langu, si lake. Nawaomba mumsikie mara moja tu, bila upepo."

Nikasikia akifunua karatasi. Kisha akasema Alhamisi mchana watamaliza mapema, atakuweka wa mwisho, ila hiyo mashine yetu inyamaze. Nilikaa chini pale pale nyuma ya choo. Nilikuwa nimezungumza na mtu nisiyemjua, kwa mdomo, na hakuna aliyenivisha kitu shingoni.

Uliporudi kutoka kisimani nilikuambia tu kwamba wamekubali kukusikia tena. Ukaruka ukamwaga ndoo. Hukuuliza nani aliomba. Ulidhani wameamua wenyewe. Sasa unajua.

Ikabaki Hawe, na Hawe ni mgumu kuliko chuo. Alikuwa mlangoni anafuma, sufu ile ile. Nikakaa kwenye gogo mbele yake. Nikamwambia ile kelele ni vitambaa. Kwamba mashine inapumua kwa chini, na kitambaa kinaiziba, na manyoya yake yanaingia ndani. Sindano ikasimama. Akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia tangu kabla ya mvua. Hakukasirikia kitambaa hata kidogo, Kadzo, na mimi nilikuwa nimemwogopea hilo tu. Alisema, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni afadhali akupige:

"Wewe Dama. Ungeniona nimemfunika mtoto mchanga uso kwa leso, ungekaa ukinitazama kwa sababu leso ni yangu?"

Swali hilo nimeliweka hapa ulione, na wewe ukalitumie utakakolihitaji.

Mengine tulikuwa pamoja. Uliazima bisibisi ndogo kwa fundi wa simu, ukazima kompyuta, ukatoa betri, ukaigeuza juu ya meza ya jikoni kama mama anayegeuza samaki. Skrubu uliziweka kwenye kifuniko cha sufuria, na ile moja ikaruka ikaingia mchangani, na kabla hatujainama kuku wa Hawe akaidona akameza. Mpaka leo kompyuta ina skrubu moja pungufu na kuku ana moja zaidi. Hawe alisema kuku huyo hachinjwi mpaka airudishe.

Nakumbuka ulipofungua. Pale palipo feni palikuwa kiota. Sufu ya kijani, sufu ya chungwa, vumbi la makuti, nywele zangu na zako, vyote vimesokotana vikawa kitu kimoja laini kama godoro la panya. Mimi nikataka kupuliza kwa mdomo, ukanishika bega: mate yataingia. Hawe akaleta chelewa moja aliyoichomoa kwenye ufagio, ukaipachika kati ya mapanga ya feni isizunguke ovyo, ukasafisha panga moja baada ya jingine kwa brashi ya wanja ambayo nilikuwa sijaitumia kwa sababu nilionea haya kupaka wanja. Kiota ukakitoa kizima. Ukapaka na ile dawa uliyopewa na fundi wa simu, nyeupe kama dawa ya meno, juu ya kichuma kinachopata moto, kidogo tu, kama punje ya mchele, ukanikaripia nilipokuambia ongeza. Nilikutazama mikono yako nikasema moyoni, huyu hata asipopewa nafasi ni fundi tayari.

Tulipoiwasha nilidhani haijawaka. Hawe akaweka sikio. "Imekufa?" Kisha picha ikatokea. Sikuwahi kujua kwamba chumba chetu kina sauti ya upepo juu ya makuti, na sauti ya saa ya ukutani.

Alhamisi uliilaza juu ya vipande viwili vya mti, hewa ipite chini. Ukaulizwa swali lile lile. Ukalijibu kwa sauti ya kawaida, taratibu, mpaka mwisho wa samaki na mwisho wa hoteli. Yule bwana akacheka mahali fulani, nadhani ni ulipomtaja kuku. Ulipopata nafasi, Hawe alivifumua vitambaa vyote viwili, uzi baada ya uzi, akakufumia kofia. Amesema huko bara baridi inauma masikio. Kwa hiyo joto lile lililokuwa linaiua kompyuta utakwenda nalo kichwani, mahali linapotakiwa.

Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungebaki ukiamini kwamba mamako alipona siku ile ile. Hakupona.

Jumamosi iliyofuata baada ya wewe kupata nafasi, mhadhiri alisema kila mmoja atasimulia hadithi ya watoto kwa sauti, na ni ya alama. Wewe ulikuwa Malindi na Mjomba mnanunua begi. Nilikaa mbele ya kompyuta, kimya kama msikiti saa nne asubuhi, nasikia moyo wangu masikioni. Jina langu lilikuwa la nne kutoka juu. Nikavua leso niliyojifunga. Nikaikunja. Nikaisukuma chini ya kompyuta, nikaikandamiza kwenye matundu kwa kiganja.

Haikuchukua muda. Mbu akaanza. Kisha pasi. Nikahisi mabega yangu yanashuka, kama mtu aliyefika nyumbani. Mtu wa tatu akamaliza hadithi yake ya sungura. Mhadhiri akasema, "Bi Kaskazi, upo?" Nikafungua maiki, kelele zikajaa, nikasikia wenzangu wanacheka, na vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye herufi kuandika samahani mwalimu, feni.

Nikakiona kiganja changu kingine kilivyokandamiza. Kimekandamiza kwa nguvu, Kadzo, mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikalikumbuka neno la Hawe la mtoto na leso, na nikaelewa kwamba mtoto niliyekuwa nimemziba uso si kompyuta.

Nikaivuta leso. Feni haikunyamaza mara moja. Hainyamazi mara moja, inahitaji muda wa kushuka. Katika muda ule hapakuwa na la kufanya ila kungoja na maiki wazi. Nikasema, "Mwalimu, subiri kidogo, inatulia." Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza darasani. Kisha nikasimulia. Nilisimulia vibaya. Nilisahau fisi alikwenda wapi, nikamrudisha baada ya kuwa ameshakufa, na sauti ilitetemeka hata mtoto angenionea huruma. Alama zangu ni ndogo kuliko zote nilizowahi kupata. Mwenzangu mmoja akaandika, "Kumbe una sauti." Nikamwandikia ndiyo.

Tangu siku ile nimezungumza kila Jumamosi. Sizungumzi vizuri. Nazungumza.

Na kompyuta unaondoka nayo. Juzi ulikataa, ukasema mimi nitasomaje. Nitasoma kwa simu. Nimelifikiria jambo hilo na nimelitaka: simu haina feni. Utakapoondoka hapatabaki nyumbani kitu cha kujificha nyuma yake, wala mtu. Nasema wala mtu, kwa maana feni ilikuwa ya mwaka mmoja tu, lakini wewe ulinisemea kwa miaka minane. Sikulaumu. Ulinipenda kwa kunifunika, kama Hawe anavyopenda.

Mama Mbeyu anakuambia usitikise kichwa. Bado mistari michache, nadhani.

Nilikuwa nimeandika pale juu kwamba barua hii nitaificha kwenye begi uisome ukishafika. Nimerudi nimesoma mstari ule, na nimejicheka. Mtu amejaza kurasa zote hizi kusimulia alivyoficha kitu chini ya kompyuta, kisha anataka kuificha barua chini ya kompyuta. Hapana. Nitakupa mkononi ukiingia. Utaisoma hapa, kwenye mwanga wa mlangoni, na mimi nitakaa nikikutazama uso, na ukitaka kuniuliza kitu nitakujibu.

Kesho basi, ombi langu ni hili. Hawe akinipa kata, maji mengine yatamwagika kabla ya wakati wake. Nitakaa kimya kitambo, na watu watatazamana, na Mjomba wako atakohoa. Nakujua, utafungua mdomo. Usinisemee. Simama na begi lako na kofia yako ya kijani, upande wa ndani wa kizingiti, uningoje. Ni ile feni tu, mwanangu. Inatulia.

Mamako, mdogo sana kama ulivyosema,
Dama